Wanafunzi na Wahandisi Mtaani: Wanapima Nini, na Mkaazi Anafaidika Vipi?

Wanafunzi wa vyuo wanaosomea uhandisi na usimamizi wa mazingira hutumwa mitaani kwa mafunzo ya nyanjani. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware, kazi yao huwa ni kupima mitaro, kuchota maji ya mto kwenye chupa na kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, wakiongozwa na mhandisi mwenye uzoefu. Mkaazi anayewaona ana haki ya kuuliza wanapima nini na vipimo hivyo vitaishia wapi. Makala haya yanaeleza kazi hiyo na nafasi ya mkaazi ndani yake.

Mitaa miwili, mito miwili

Kibera na Kawangware ziko upande wa magharibi wa Nairobi, karibu na mwanzo wa safari ya maji. Mto Nairobi hutoka kwenye chemchemi za Ondiri, Kikuyu, ukapita karibu na Kawangware kabla ya kufika katikati ya jiji. Mto Motoine hupita msitu wa Ngong Road na Kibera, ukaingia Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953. Kutoka hapo huitwa Mto Ngong, nao hupitia Mukuru na Eneo la Viwanda. Mito hiyo huungana mashariki mwa jiji, na maji yake humwagika mwishowe katika Mto Athi, ambao huingia Bahari Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki.

Kwa hiyo taka inayotupwa mtaroni Gatina au Lindi haiishii hapo. Hili ndilo somo la kwanza la nyanjani: kufuata maji kutoka juu hadi chini kabla ya kuamua tatizo liko wapi. Mara nyingi nyumba hufurika kwa sababu ya kizuizi kilicho mbali nayo, kwa mfano karavati iliyoziba sehemu ya chini.

Kupima mtaro

Maji ya mtaroni husukumwa na mteremko. Mtaro wa mita 100 unaoshuka kwa mita 1 una mteremko wa moja kwa mia. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji huenda polepole na kuacha mchanga na matope nyuma. Ndiyo maana wanafunzi hubeba kifaa cha kupimia mwinuko wa ardhi, na mmoja wao husimama mbali akishika rula ndefu.

Kasi ya maji hupimwa kwa njia rahisi. Kitu kinachoelea huachiliwa mtaroni, kisha huhesabiwa sekunde kinazochukua kupita mita 10. Chukua mtaro wenye upana wa nusu mita, maji yakiwa na kina cha sentimita 20 na kasi ya nusu mita kwa sekunde. Maji yanayopita ni lita 50 kila sekunde, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Mtaro huo ukijaa matope na taka hadi nusu ya kina chake, uwezo wake hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu nafasi imepungua na maji yaliyobaki pia hutembea polepole zaidi. Mvua ya masika inapopiga, maji yanayokosa njia huingia milangoni.

Kupima maji na taka

Maji ya mto na ya bomba hupimwa kwenye maabara ili kuona kama yana bakteria aina ya E. coli, ambazo ni dalili ya kinyesi. Maji salama ya kunywa hayapaswi kuwa na bakteria hata moja ya aina hiyo katika mililita 100. Maji ya bomba yakikutwa nazo, mara nyingi wahandisi hutafuta mahali ambapo bomba lililopasuka limepita ndani ya mtaro wa maji machafu. Presha inapopungua, uchafu hufyonzwa ndani ya bomba.

Taka nazo hukusanywa kutoka nyumba zilizochaguliwa kwa siku kadhaa, zikachambuliwa na kupimwa uzito. Jijini Nairobi, sehemu kubwa zaidi huwa ni mabaki ya vyakula, ambayo yanaweza kuwa mbolea au gesi. Baadhi ya vyoo vya umma vilivyojengwa Kibera kwa ushirikiano wa Umande Trust na vikundi vya wakaazi hugeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe mahali zinapotoka. Vipimo vya wanafunzi husaidia kujua ni mapipa mangapi yanahitajika na gari lije mara ngapi.

Kwa nini lazima awepo mhandisi

Mwanafunzi anaweza kupima, lakini hawezi kuidhinisha. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, anayefanya kazi kama mhandisi mtaalamu lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya. Aliyehitimu chuo kikuu huanza kama mhandisi mhitimu, na huhitaji angalau miaka mitatu ya kazi kabla ya kusajiliwa kuwa mtaalamu. Mchoro wa daraja au mtaro ukitiwa sahihi, aliyetia sahihi ndiye anayewajibika ukibomoka.

Mhandisi pia humfundisha mwanafunzi mambo ambayo hayamo vitabuni. Mtaro unaoonekana mzuri kwenye karatasi unaweza kuhitaji kubomoa vyumba vya familia kumi. Kifuniko cha chuma kinaweza kuibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Na mara nyingi kipimo bora cha mafuriko ni alama ya maji iliyobaki ukutani, pamoja na maelezo ya mama aliyelazimika kuinua godoro usiku ule.

Yaliyowahi kufanyika

Mwaka 2006 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative. Pamoja na wakaazi wa Kibera na wahandisi, waligeuza eneo la kutupia taka kando ya mto kuwa mahali pa umma, na ukingo ukaimarishwa kwa vizimba vya waya vilivyojazwa mawe. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walijifunza kutumia vifaa vya GPS na kuchora ramani ya mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera. Mwezi Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango, na vyuo vikuu vya humu nchini vikashirikiana na wakaazi kuandaa mpango huo.

Katika kazi hizi zote wakaazi walichangia maarifa waliyonayo kuhusu mtaa wao. Bila wao, vipimo vingebaki kuwa alama za mtihani tu.

Haki na wajibu wa mkaazi

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu kushirikiana kuyalinda. Kuzoa taka na kusimamia maji ya mvua katika maeneo ya mijini ni miongoni mwa majukumu ya kaunti.

Wanafunzi wakifika kwako, omba kuona barua ya chuo na kitambulisho, na uulize jina la mhandisi au mhadhiri anayewasimamia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, una haki ya kuelezwa habari zako zitatumiwa vipi, na unaweza kukataa kupigwa picha au kutoa nambari ya simu. Ukikubali kujibu, sema ukweli kuhusu choo, maji na taka, hata kama mwenye nyumba hapendi, kwa sababu jibu la uongo huzaa mchoro mbaya.

Omba pia matokeo yarudishwe kwenye baraza la mtaa, kwa Kiswahili na kwa ramani inayoeleweka. Yakishasomwa, kikundi cha wakaazi kinaweza kuyapeleka katika ofisi ya wadi na katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti. Ombi linaloonyesha karavati ipi imeziba, kwa kina gani, na nyumba ngapi hufurika kwa sababu yake, ni rahisi kulipangia fedha kuliko malalamiko ya jumla kwamba mtaa umejaa maji.