Je, Wajua? Siku Yako ya Kwanza Churaumi

Sogea hapa nikupe mambo. Unataka kwenda akwariamu kwa mara ya kwanza maishani, tena kisiwani, kwenye joto? Basi elekea Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, ukaitembelee Churaumi. Ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 2002, na tangu siku hiyo watu hawajaacha kutoka mle midomo wazi.

Tuanze na ramani. Je, wajua kwamba Okinawa iko karibu zaidi na Taiwan kuliko ilivyo na Tokyo? Kutoka Naha, mji wake mkuu, hadi Taipei ni kilomita 630 hivi. Hadi Tokyo ni zaidi ya 1,500! Ndiyo maana mwezi Januari, wakati watu wa Tokyo wanatetemeka kwa baridi, maua ya sakura yameshaanza kuchanua Motobu, mji ule ule wenye akwariamu.

Motobu iko kilomita 90 hivi kaskazini mwa Naha, kwa hiyo usidhani utashuka kwenye ndege na kuingia moja kwa moja kutazama papa. Ukikodi gari utajisikia nyumbani, maana wanaendesha kushoto kama Dar na Mombasa. Lakini shika hili: hadi Julai 1978 Okinawa nzima iliendesha kulia! Ni desturi waliyoachiwa na Wamarekani, walioitawala hadi 1972. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai magari yakasimamishwa, alama za barabarani zikageuzwa, na ilipotimia saa kumi na mbili asubuhi, haya, wote kushoto. Hata mabasi mapya ilibidi yanunuliwe, kwa sababu milango ya yale ya zamani sasa ilikuwa inafungukia katikati ya barabara.

Umefika? Usitafute mlango chini. Churaumi unaingilia juu, kisha unashuka. Unaanza na matumbawe ya maji mafupi yanayopigwa na jua, unateremka hadi bahari kuu, na unamalizia kilindini kwenye giza. Jengo zima limepangwa hivyo makusudi, kwa hiyo bila wewe kujua miguu yako inapiga mbizi.

Hapo juu, kwenye matumbawe, wengi hupita mbio wakamtafute papa. Wewe simama! Tangi lile halina paa. Jua unaloliona mle ni jua lenyewe, na maji yanavutwa kutoka baharini, mbele ya jengo, usiku na mchana. Matumbawe yamestarehe kiasi kwamba kila mwaka hutoa mayai yao humo humo tangini. Na ndiyo, matumbawe ni wanyama. Vijinyama vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja na mdomo wake.

Unamwona yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, yule wa filamu ya *Finding Nemo*? Samaki wa aina yake wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa kuliko wote katika familia ndiye hugeuka jike, na akifa, dume lake hubadilika kuwa jike na kushika nafasi. Sasa piga hesabu mwenyewe: mama yake Nemo aliliwa mwanzoni tu mwa filamu. Kwa sheria za baharini, yule baba aliyevuka bahari kumtafuta mwanawe angekuwa njiani kugeuka mama! Hollywood walilipita hilo kimya kimya.

Na pono? Tunasema mtu kalala usingizi wa pono, lakini je, umewahi kuuona usingizi wenyewe? Baadhi ya pono, usiku ukiingia, hutoa ute mdomoni na kujifunika gubigubi, chandarua kizima cha ute, halafu hulala humo hadi asubuhi. Mchana wanatafuna matumbawe na mawe na kuyatoa kwa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Ufukwe ule mzuri uliopiga picha ukiwa umelalia tumbo... basi, tuyaache hayo.

Shuka sasa. Hapa ndipo penyewe.

Tangi la Kuroshio lina urefu wa mita 35, upana wa mita 27 na kina cha mita 10. Maji yake ni mita za ujazo 7,500, yaani lita milioni saba na nusu! Ukiambiwa uyachote kwa ndoo za lita 20, utahitaji ndoo 375,000. Anza leo.

Na hicho unachokiegemea wala si kioo cha dirishani. Ni akriliki, aina ya plastiki ngumu inayong'aa, yenye unene wa sentimita 60. Upana wake ni mita 22.5, kwenda juu mita 8.2, uzito wake tani 135 hivi. Churaumi ilipofunguliwa hapakuwa na dirisha kubwa kama hilo duniani, hadi Dubai walipokuja na lao mwaka 2008, pale Dubai Mall, lenye upana wa karibu mita 33. Ndugu zetu walioko Ghuba wanaweza kulitazama wakitoka kununua viatu.

Sasa tulia. Kile kivuli kinachokuja polepole, chenye madoadoa meupe mgongoni, anaitwa Jinta. Ni papa potwe, ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Jinta alinaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Okinawa mwezi Machi 1995, akiwa na urefu wa mita 4.6. Leo amepita mita 8! Hakuna papa potwe mwingine aliyewahi kuishi tangini muda mrefu kama yeye. Alianza kufugwa katika akwariamu ya zamani iliyokuwa hapo hapo, akahamishiwa jengo jipya.

Kwa nini tangi lina kina cha mita 10? Ili Jinta ale vizuri! Papa potwe hupenda kula akiwa wima, kichwa juu, mkia chini, akifyonza uduvi. Maji yangekuwa mafupi angegonga mkia sakafuni. Kwa ratiba ya kawaida hulishwa saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo panga siku yako kumzunguka yeye. Na sikia ujanja: ukiingia baada ya saa kumi jioni, tiketi hupungua kwa karibu asilimia 30, na mlo wa saa kumi na moja bado unauwahi. Usiseme sikukwambia.

Mdomo wake huo mpana una meno kama 3,000, yote madogo madogo, na hayatafuni kitu. Lakini meno ya mdomoni si habari. Habari ni meno ya machoni! Mwaka 2020 watafiti wa Okinawa walitangaza kwamba jicho la papa potwe limefunikwa na vijimeno karibu 3,000, vya kulikinga, kwa kuwa kope hana. Na hatari ikija analivuta jicho lote ndani ya kichwa. Nenda kamwangalie machoni, uone nani atapepesa wa kwanza.

Tumboni je? Mwaka 1995 huko Taiwan alipasuliwa papa potwe jike, wakakuta watoto 300 ndani yake. Mia tatu! Kutoka kwa mama mmoja! Na madoa yale ya mgongoni hayafanani kati ya papa mmoja na mwingine, kwa hiyo wataalamu huwatambua kwa picha tu. Hesabu inayotumiwa kulinganisha madoa hayo ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kulinganisha nyota za angani.

Tazama vizuri chini ya tumbo lake. Kuna samaki kajibandika? Huyo ni chazo, abiria asiyelipa nauli. Wavuvi wa pwani yetu walimfahamu zamani sana: walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, naye akang'ang'ania kwenye gamba hadi wote wawili wakavutwa chomboni. Samaki wa kuvulia! Waambie watalii waliosimama pembeni yako hilo, uone watakavyokuacha uendelee kuongea.

Tangi hili hili ndimo alimozaliwa taa manta wa kwanza duniani kuzaliwa akiwa katika hifadhi ya binadamu, Juni 2007. Mama alibeba mimba siku 374. Mwaka na zaidi! Mtoto akatoka amejikunja kama mkeka, akajikunjua palepale, na mbawa zake zilikuwa na upana wa mita 1.9. Kuna watu wazima hawafiki hapo hata wakinyoosha mikono.

Kule chini gizani, kwenye viumbe wa kilindi, hutakaa sana, macho yanachoka. Ila ujue kwamba wataalamu wa Churaumi wamewahi kutengeneza tumbo la uzazi la bandia kwa ajili ya papa! Ni papa mdogo wa kilindini, wa jamii inayotoa mwanga mwilini. Vichanga vilivyotolewa kwa mama kabla ya wakati vililelewa kwenye maji yaliyochanganywa maalumu, na kuna vilivyokaa humo karibu mwaka mzima.

Toka nje sasa, na rudisha pochi mfukoni. Onyesho la pomboo ni bure. Bwawa la kasa ni bure. Nyumba ya manatii, binamu wa nguva wetu, nayo bure! Na manatii ana ajabu yake: pingili za shingo yake ni sita. Wewe unazo saba. Twiga, na shingo ile yote, anazo saba vilevile.

Kati ya pomboo muulizie Okichan. Amekuwapo hapo tangu 1975, mwaka yalipofanyika maonyesho makubwa ya kimataifa ya bahari kwenye kiwanja hicho hicho. Wapo wageni waliopelekwa kumwona wakiwa watoto, leo wanapeleka wajukuu.

Mwingine alikuwa Fuji. Mwaka 2002 aliugua, akakatwa asilimia 75 ya mkia. Pomboo bila mkia ataogeleaje? Ikaombwa kampuni ya matairi, Bridgestone, nayo ikamtengenezea mkia wa mpira. Fuji akauvaa, akaogelea, na akaruka tena juu ya maji! Filamu yake ilitoka 2007, na aliishi hadi Novemba 2014.

Mwisho, kama nauli ya Japani bado inakusanywa, teremka Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Machi. Papa potwe wako hapo hapo, na akriliki hakuna. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha huondoka kwenda mbali. Wataalamu wakawafunga vifaa vya kutoa mlio, wakategesha vipokezi baharini, wakasubiri. Kumbe wengi hawaendi popote! Husogea tu nje kidogo, kwenye maji ya kina zaidi, ambako huwezi kuwaona. Na wewe ulidhani wamemfuata Jinta.