Uoni Hafifu si Upofu: Karo Nayo ni Kumbukumbu

Je, msomaji, umewahi kumwona mtoto anayeinamia daftari hadi pua ikakaribia kugusa karatasi? Mwalimu amemhamishia dawati la mbele na wazazi wamemnunulia miwani, lakini bado hasomi ubaoni. Iwapo unaishi Bukura au kwingineko Kakamega, pengine mtoto huyo ni wako. Usikate tamaa. Huyo si kipofu wala si mjinga. Huenda ana uoni hafifu.

Mtu huhesabiwa kuwa na uoni hafifu ikiwa, hata baada ya matibabu na miwani, jicho lake lililo bora halifikii kipimo cha 6/18, lakini bado lina uwezo wa kumsaidia. Kipimo hicho kina maana kwamba analoliona akiwa umbali wa mita 6, mwenye macho mazima huliona akiwa mita 18. Visababishi ni vingi, vikiwemo presha ya macho, kisukari na makovu ya jicho. Wenye ualbino pia huwa na tatizo hili. Kwa kuwa magonjwa mengine, kama mtoto wa jicho, hutibika kwa upasuaji, mpeleke mgonjwa hospitali kwanza.

Kazi ya mtaalamu wa uoni hafifu huanza pale daktari anaposema hakuna dawa tena. Yeye humuuliza mgonjwa anataka kufanya nini: kusoma, kushona, kuchagua maharagwe au kutambua noti. Kisha humchagulia kioo cha kukuzia, au darubini ndogo ya kutazamia ubao, na kumfundisha kuitumia.

Yako mambo unayoweza kuanza nayo nyumbani leo. Mketishe mtoto karibu na dirisha, mwanga ukitoka nyuma ya bega lake. Mwandikie kwa kalamu nyeusi yenye wino mzito. Mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana. Tena usimkaripie akisogeza kitabu usoni. Kikitoka sentimita 40 hadi 10, herufi humwonekea kubwa mara 4, na kusoma karibu hakumharibu macho.

Shida ni kupata mtaalamu. Hospitali ya macho ya Sabatia iko kaunti jirani ya Vihiga, lakini kitengo cha uoni hafifu cha Kikuyu ni safari ndefu kwa mkazi wa Bukura. Hata hivyo, mafunzo yako karibu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, hufundisha shahada ya upimaji macho. Vijana wenye nia wapo. Kinachowakwamisha wengi ni karo.

Hapa ndipo wewe unapoingia. Jamaa akifariki, tunachanga pesa za jeneza, hema na chakula cha waombolezaji. Mbona tusitenge sehemu ya mchango huo kumsomesha kijana mmoja kwa jina la marehemu? Nchini Marekani, shirika la American Foundation for the Blind liliwahi kutoa basari ya kumkumbuka Rudolph Dillman, kwa wanafunzi waliojiandaa kuwahudumia wasioona na wenye uoni hafifu.

Ukitaka kuanzisha basari kama hiyo, andikeni masharti kabla ya kuchanga. Semeni wazi ni nani anayestahili, na kwamba afanye mazoezi katika kliniki ya uoni hafifu. Lipeni karo moja kwa moja kwa chuo. Msimchukue mwanafunzi msiyeweza kumfikisha mwisho, kwani aliyeachwa njiani hamhudumii mgonjwa yeyote.

Masinde Muliro alifariki mwaka wa 1992, na jina lake bado hutajwa kila siku na wanaosoma katika chuo hicho. Jina la mzazi wako nalo linaweza kutajwa na mtoto wa Bukura, siku atakaposoma ubaoni kwa mara ya kwanza.