Oili na Filta: Tulivyoipoteza Injini ya Gari la Msikiti

Gari la msikiti wetu lilizimika njiani likiwa limebeba maiti. Tulikuwa tumetoka Uvinza baada ya sala ya Adhuhuri, tumekwishaipita Kazuramimba, na huko Ujiji kaburi lilikuwa limechimbwa na watu wanasubiri. Taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka kwenye dashibodi tangu kilima kilichotangulia. Dereva aliiona, nasi tuliokaa pembeni yake tuliiona, lakini kila mmoja alitamani tufike kwanza. Tukasikia chuma kikigonga chuma, injini ikakaza, kisha kimya. Jeneza lilihamishiwa kwenye gari la mizigo la mpita njia aliyetuhurumia, na maziko yakafanyika kwa mwanga wa tochi baada ya Magharibi. Wafiwa hawakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Fundi alipoifungua injini hakuwa na maelezo marefu. Ndani mlikuwa na tope jeusi mithili ya lami, chujio la pampu ya oili limeziba, filta imejaa uchafu na beringi zimesagika. Injini ilikuwa imenoki. Akatuuliza swali moja: "Mlikuwa mnaweka oili gani?" Tukafungua daftari la kamati, na jibu likawamo humo kwa mwandiko wetu wenyewe.

Msikiti una Hiace ya zamani ya dizeli. Kwa ajili yake tulizoea kununua dumu la lita 20 la oili nzito ya dizeli, namba 40, kwa kuwa dumu kubwa huwa na nafuu ya bei. Muumini mmoja alipotoa Noah ya petroli ya miaka ya 2000 iwe waqfu wa kubebea wagonjwa na maiti, hatukubadili chochote. Dumu lilelile likahudumia magari yote mawili. Muda wa kumwaga oili ulipofika tuliuacha upite, na kwenye safu ya filta tuliandika mara mbili mfululizo: "Imeahirishwa, kubana matumizi." Fedha tulizookoa hazikukaribia hata kidogo gharama ya injini nyingine.

Tunayaandika haya kwa sababu tunajua kuwa kamati nyingi, na familia nyingi zenye gari moja la kutafutia riziki, zinafanya kama tulivyofanya sisi.

Kazi ya oili

Oili hutenganisha chuma na chuma visisagane, huchukua joto, hubeba uchafu kuupeleka kwenye filta, na huzuia kutu. Kuhusu kutu, sisi wa Kigoma tuna ushahidi unaoelea. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen isiangukie mikononi mwa adui, wahandisi wake walizipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli hiyo ilirudi kazini kwa jina tunalolijua wote: Liemba. Kilainishi kinachofaa, kilichowekwa kwa wakati wake, kiliilinda injini chini ya maji ya Tanganyika kwa miaka minane. Sisi tuliiua ya kwetu ikiwa juu ya nchi kavu.

Namba na herufi za galoni

Galoni la oili huwa na maandishi mengi, lakini mnunuzi anahitaji mambo mawili tu. La kwanza ni uzito. Mkazi wa Kigoma anaweza kuuelewa kwa kuyatazama mawese. Asubuhi ya baridi yameshikana chupani, yakipata moto humiminika kama maji. Oili nayo huwa nzito ikiwa baridi na nyepesi ikiwa moto, na namba za SAE, kama vile 5W-30, hueleza tabia hizo mbili. Namba iliyo kabla ya W huonyesha jinsi inavyotiririka kwenye baridi. Ikiwa ndogo, oili hufika haraka kwenye vyuma vya juu unapowasha gari. Namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa imechemka, kwa kipimo cha nyuzi joto 100. Hivyo 40 ni nzito kuliko 30, na 50 ni nzito kuliko 40. Uzito huo si daraja la ubora. Oili ya 50 haiwi bora kuliko ya 30 kwa sababu tu ni nzito.

La pili ni herufi za API. Herufi S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata S huonyesha kizazi cha oili: SJ ni ya zamani kuliko SL, SL kuliko SN, na SP ilianza kutumika mwaka 2020. Kwa gari la petroli, kizazi kipya kwa kawaida hulifaa hata gari lililotengenezwa kabla yake, mradi uzito uwe ule unaotakiwa. Kinyume chake hakifai. Zipo pia oili zenye alama mbili, kwa mfano CI-4/SL, zinazoweza kutumika katika dizeli na petroli; lakini hata hizo lazima uzito wake ukubaliwe na kila gari.

Gari la zamani na gari la karibuni

Injini nyingi za zamani, kama ya Hiace yetu, zina nafasi pana zaidi baina ya vyuma vyake, na vitabu vyake vinaruhusu 15W-40, au 20W-50 katika nchi za joto. Gari la namna hiyo halihitaji oili ya sintetiki ya bei kubwa. Linahitaji oili ya kawaida ya daraja lake inayobadilishwa kwa wakati. Ukiliwekea nyepesi mno, huenda likaanza kula oili na mgandamizo wa oili ukashuka. Likiwa tayari linakula oili, unaweza kupanda hatua moja, kutoka 30 hadi 40, iwapo kitabu chake kinaruhusu. Hatua hiyo husaidia kwa muda tu, wala haiziponyi ringi zilizokwisha. Kipimo cha kila wiki kwa kijiti cha oili ni wajibu.

Magari ya karibuni, kama IST, Noah na mengine yenye mfumo wa VVT-i, yana njia nyembamba za oili na vichujio vidogo sana. Humo oili hailainishi tu. Mgandamizo wake ndio unaosogeza muda wa kufunguka kwa valvu. Oili nzito huchelewa kufika, na tope likiziba njia zile, injini hupoteza nguvu, hugonga asubuhi na mwisho hukwama. Mengi yake yanataka 5W-30, na mapya zaidi 0W-20. Ndipo tulipokosea: tuliipa Noah chakula cha Hiace, tena kwa kuichelewesha.

Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, msikate tamaa. Namba za SAE na herufi za API zimeandikwa humo kwa tarakimu na herufi tunazozisoma, na mara nyingi uzito umechapwa juu ya kifuniko cha kutilia oili. Kauli ya kitabu itangulie kauli ya jirani, ya muuza duka, hata ya fundi.

Filta

Filta ya oili ina karatasi iliyokunjwa inayokamata uchafu, pamoja na valvu ya dharura. Karatasi ikiziba, valvu hufunguka ili injini isikose oili. Tangu hapo oili hupita bila kuchujwa. Mwenye gari haoni dalili yoyote. Kwa hiyo kumwaga oili na kuiacha filta kuukuu ni kama kuoga na kuvaa tena nguo ileile chafu. Kila oili mpya iende na filta mpya, iliyotengenezwa kwa injini hiyo. Fundi ahakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umegandia kwenye injini, apake mpira mpya oili kidogo, na akaze kwa mkono.

Filta ya hewa nayo isisahauliwe, hasa kwa wanaopita barabara za vumbi za vijijini. Vumbi likipenya husaga silinda na ringi kama msasa. Ukiipuliza, upepo utokee ndani kwenda nje, ikichanika, itupwe. Magari ya dizeli yana filta ya mafuta pia, na maji yanayokusanyika humo yamwagwe.

Kwa oili ya kawaida, kilomita 5,000 ni kikomo kinachotumiwa na wengi. Vumbi, pamoja na safari fupifupi kama za Mwanga hadi Ujiji, ambazo injini haipati muda wa kuchemka vizuri, huupunguza muda huo.

Amana ya muuzaji na ya mtumiaji

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini ya ukavu, akamkemea muuzaji aliyeuficha. Anayejaza oili chafu iliyochujwa kwenye galoni la oili mpya amefanya jambo lilelile. Mnunuzi akague kizibo na utepe wake, na akishamimina alitoboe galoni lisijazwe tena. Oili iliyomwagwa isielekezwe kwenye mtaro, kwani maji ya mitaro yetu huteremkia ziwani, na ziwa hilo ndilo tunalonywa.

Chuoni tulisoma kuwa matengenezo ya mali ya waqfu hutangulizwa katika mapato yake kabla ya matumizi mengine. Tuliielewa kanuni hiyo kwa kuta na mapaa, hatukuifikiria kwa injini.

Alhamdulillah, waumini walichanga na Noah imepata injini nyingine. Kila gari sasa lina daftari lake na oili yake, na safu ya filta hairuhusiwi kuandikwa "imeahirishwa". Namba 5W-30 imeandikwa kwa wino mweupe ndani ya mlango wa dereva. Chini yake tumeandika agizo la kamati: taa ya birika ikiwaka, simama na uzime injini papo hapo, hata kama kaburi limekwishachimbwa.

Wabillahi tawfiq.