Thamani ya Andiko la Mtaalamu

Wasomaji wenzangu, wako miongoni mwetu hapa Buzuruga wadhanio kwamba ukubwa wa mtaalamu ni wingi wa maandiko yake. Mimi nasema sivyo. Andiko hupimwa kwa yale ambayo wengine huweza kuyafanya kwa sababu yake. Mfano uko ng'ambo ya ziwa letu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1958 aliandika habari zao katika jarida la wapasuaji la Uingereza, lakini wachache tu waliijali. Mwaka 1961 aliisimulia mjini London, na Anthony Epstein, mchunguzi wa chembe hai na virusi, alikuwa akisikiliza. Huyu akaomba vipande vya uvimbe apelekewe kwa ndege. Baada ya kushindwa mara nyingi, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walizikuza chembe zile, wakazitazama kwa darubini ya elektroni, wakaona virusi ndani yake. Wakatangaza mwaka 1964 katika jarida la The Lancet.

Hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, nacho huitwa Epstein-Barr. Tangu hapo uchunguzi mwingi juu ya virusi na saratani umejengwa juu ya msingi huo.

Basi, ndugu zangu, tuandikapo kazi za maabara, tuandike kwa uangalifu yale tuliyoyaona hasa. Hatujui nani atayahitaji kesho.