'Moggy': Paka wa Kawaida si Paka Koko

Makala haya yanakusudia kueleza neno 'moggy', ambalo Waingereza hulitumia katika mazungumzo ya kawaida kumtaja paka. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni rahisi mwanafunzi akalikuta katika matini na kulitafsiri 'paka koko'. Pili, asili yake ni funzo zuri katika somo la etimolojia.

Tuanze na maana. Nchini Uingereza wapo paka wenye nasaba iliyoandikishwa, kama vile Siamese na Persian, na wapo paka wa kawaida ambao wazazi wao hawakuchaguliwa na mfugaji. Hawa wa pili, ambao ndio wengi, huitwa 'moggy'. Paka huyu anaweza kulala kitandani na kupendwa kama mtoto. Kwa upande mwingine, 'koko' katika Kiswahili, kama katika 'mbwa koko', humtaja mnyama asiye na mwenyewe, anayezurura akijitafutia chakula. Kwa hiyo anayeandika 'paka koko' amemfukuza paka wa watu nyumbani. Mara nyingi 'paka' peke yake linatosha. Nasaba ikitiliwa mkazo, tuseme 'paka asiye wa mbegu maalumu'.

Maana haziishii hapo. Neno hili limewahi kumtaja msichana, mwanamke asiyejali usafi wake, na katika baadhi ya lahaja, ndama au ng'ombe. Wapenzi wa magari nao huliita hivyo Morris Minor, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1948. Basi mtu akilalamika kwamba 'moggy' yake haiwaki asubuhi, mtafsiri asimtafute paka.

Je, asili yake ni ipi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huenda limetokana na Mog au Moggy, jina la kubembeleza la Margaret. Mfuatano wa maandishi unaunga mkono maelezo hayo: maana ya msichana ilikuwapo mwishoni mwa karne ya 17, ya ng'ombe ikafuata katika karne ya 19, na ya paka ikajitokeza mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la mtu kupewa mnyama si jambo geni katika Kiingereza. Paka dume huitwa 'tom', kifupi cha Thomas.

Wapo wanaodai kwamba 'moggy' ni kifupi cha 'mongrel', yaani mbwa chotara. Dai hili linavutia kwa sauti na kwa maana, lakini halielezi msichana wala ng'ombe, ambao walitangulia kuitwa hivyo.

Hapa ndipo lilipo funzo kwetu. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa swali, si jibu. Wapo waliowahi kudai kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu kwa kuorodhesha tu maneno yanayofanana, bila kuangalia sarufi yake ya Kibantu. Tunawahimiza walimu wawadai wanafunzi mambo matatu kila wanapotaja asili ya neno: lilionekana lini, lilitumiwa na nani, na maana yake ilipita njia gani.