Keti Kwanza, Moyo Utulie

Mzazi mpenzi, mama akifika hospitali mbio, kichwani ana mawazo ya deni la dukani, akapimwa papo hapo, presha yaweza kuonekana imepanda. Ndiyo sababu sisi wauguzi humketisha kwanza dakika 5, kimya.

Nawe nyumbani fanya hivyo kila jioni, au kabla hujamfokea mtoto. Keti, nyayo chini, mikono mapajani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4. Itoe polepole ukihesabu hadi 6. Mawazo yakikuvuta, usijilaumu, irudie pumzi yako. Kupumua polepole hutuliza mapigo ya moyo.

Lakini mwenye dawa za presha asiziache. Utulivu husaidia dawa, hauchukui nafasi yake.