Woga Kabla ya Kupokea Wanunuzi Nyumbani: Mwili Hufanya Nini?

Mtu huweza kuzungumza na jirani zake kila siku, njiani, shambani na kanisani, bila kuona haya yoyote. Lakini siku anapowaalika jirani hao hao nyumbani kwake ili awauzie bidhaa kwa mara ya kwanza, ulimi humkauka, viganja hutoka jasho na moyo humdunda. Hali hii si ajabu, wala si dalili ya udhaifu wa tabia. Ni tendo la mwili lenye mpangilio wake, na mpangilio huo umechunguzwa na wanasayansi kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Makala haya yanaeleza chanzo cha woga huo, hasara uwezayo kuleta, na njia za kuutuliza zilizothibitishwa kwa majaribio.

Mauzo ya nyumbani

Katika mji wa Tukuyu na vijiji vya wilaya ya Rungwe, biashara iliyozoeleka ni ile ya sokoni. Ndizi, viazi, maparachichi na maharage hupangwa chini au mezani. Mnunuzi hupita, huuliza bei, na asiporidhika huenda zake. Mauzo ya nyumbani yana utaratibu mwingine. Mwenye bidhaa, mathalani vitenge, mashuka au vyombo vya jikoni, hualika wanawake kumi au kumi na watano sebuleni kwake, huwapa chai, kisha huonyesha bidhaa moja baada ya nyingine na kutaja bei. Utaratibu huu ulipata umaarufu nchini Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa vyombo vya plastiki vya Tupperware, ambavyo kuanzia mwaka 1951 viliondolewa madukani na kuuzwa katika mikutano ya nyumbani pekee.

Huko Rungwe mkusanyiko wa aina hiyo haukosi udongo wa kuota. Vikundi vya kuweka na kukopa hukutana mara kwa mara, na wanachama wake hujuana vizuri. Tena Wanyakyusa wana neno lao, ukwangala, lenye maana ya kufurahia kukaa pamoja, kuongea na kula na wenzako. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti huko Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilipa jambo hilo nafasi kubwa katika kitabu chake, Good Company, kilichotolewa mwaka 1951.

Hata hivyo, ukaribu huo huo ndio unaoongeza uzito wa shughuli. Mteja wa sokoni akikataa kununua, muuzaji hatamwona tena hadi siku nyingine ya soko. Mgeni wa nyumbani akikataa, kesho atakutana naye njiani. Aidha, huenda mtaji wenyewe umekopwa katika kikundi, na waliokopesha ndio hao waliokaa sebuleni wakinywa chai. Kwa hiyo mwenyeji ana mambo mawili ya kuogopa kupoteza kwa wakati mmoja: fedha na heshima.

Hasara ya woga kwa hesabu

Woga usiotulizwa huweza kuleta hasara inayopimika. Chukua mfano wa mama aliyenunua vitenge 12 kwa shilingi 14,000 kila kimoja. Mtaji wake ni shilingi 168,000. Amekusudia kuviuza kwa shilingi 18,500, apate jumla ya shilingi 222,000, yaani faida ya shilingi 54,000. Anapotaja bei, wageni hunyamaza kidogo, kama ilivyo desturi ya mtu anayefikiri. Mwenye woga huuona ukimya huo kuwa lawama, naye hupunguza bei kabla ya kuombwa. Akipunguza shilingi 2,000 kwa kila kitenge, amepoteza shilingi 24,000. Akipunguza shilingi 4,500, hana faida hata ya senti moja, na nauli na chai vimekwisha kuwa hasara. Ni dhahiri kwamba kuutuliza moyo ni sehemu ya biashara kama ilivyo kupima nguo.

Safari ya woga mwilini

Ubongo unapotambua jambo la hatari au la aibu, sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi hupeleka ishara kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva, nayo ni ya haraka sana. Ishara hufika kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, na tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huongeza mapigo, pumzi huwa fupi, ini hutoa sukari, na damu hupunguzwa katika ngozi na utumbo ili iende kwenye misuli mikubwa. Mwaka 1915 mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza kwamba mabadiliko haya yote humtayarisha mnyama kupigana au kukimbia.

Njia ya pili hupitia tezi ya pituitari, nayo ni ya polepole. Mwisho wake ni homoni ya kotisoli, ambayo kiwango chake katika damu hufika kilele baada ya dakika 20 au 30 hivi.

Maelezo haya yanafafanua dalili zote alizo nazo mwenyeji wetu. Kinywa hukauka kwa sababu mate yenye majimaji hupungua. Tumbo huvurugika kwa sababu damu imeondolewa huko. Mikono hutetemeka kwa sababu misuli imetayarishwa kufanya kazi nzito ambayo haipo. Mikono pia huwa baridi kwa sababu mishipa midogo ya ngozi imesinyaa. Ingawa mjini Tukuyu, palipo juu ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, mikono baridi mwezi wa Juni au Julai huweza kuwa kazi ya hali ya hewa tu. Mwili hauna adui wa kumkimbia. Una nguvu nyingi zilizokosa kazi.

Kusema na kuhesabu mbele ya watu

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, wakiongozwa na Clemens Kirschbaum, walieleza kipimo cha kuleta mkazo wa nafsi kwa makusudi. Mtu hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha husema kwa dakika 5 mbele ya watu wanaomtazama bila kutabasamu. Baada ya hapo hupewa kazi ya kutoa 13 kutoka 1,022, kisha 13 tena, na tena, kwa sauti, na akikosea huanza upya. Kotisoli katika mate ya waliopimwa ilipanda kwa mara 2 hadi 4.

Msomaji atatambua kwamba mauzo ya nyumbani yana sehemu zote mbili za kipimo hicho: kusema mbele ya watu, na kufanya hesabu huku wanatazama. Mgeni anachukua vitenge 3 vya shilingi 18,500, anatoa shilingi 60,000, na anasubiri chenji yake ya shilingi 4,500. Kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo hushika tarakimu wakati wa kuhesabu, ina nafasi ndogo. Mawazo ya woga yakiijaza nafasi hiyo, hata mwalimu wa hisabati huweza kukosea.

Woga hauonekani kama unavyohisiwa

Jambo linalostahili kukumbukwa kuliko yote ni hili: mwenye woga hudhani kwamba kila mtu anauona. Anasikia moyo wake ukidunda, naye huamini kwamba walio mbele yake wanausikia. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha majaribio juu ya dhana hiyo. Watu waliotoa hotuba walijiona kuwa na woga mwingi kuliko watazamaji walivyowaona. Katika jaribio jingine, wasemaji waliogawanywa katika makundi walipewa maelezo tofauti. Kundi moja halikuambiwa kitu. La pili liliambiwa tu kwamba lisihofu. La tatu lilielezwa kwamba woga wa ndani hauonekani sana kwa nje. Kundi hili la tatu lilitoa hotuba zilizohesabiwa kuwa bora, na watazamaji pia waliona hivyo. Maneno ya "usiogope" hayakusaidia, maarifa yalisaidia.

Hapa pana fundisho kwa yeyote amfarijiye mwenzake. Shangazi anayemwambia binti, "Usiogope, mwanangu," amemtakia mema, lakini hakumpa kitu cha kushika. Akimwambia, "Moyo wako unadunda, lakini sisi tuliokaa hapa hatuuoni," amempa maelezo yenye kazi.

Mambo ya kufanya

Kwanza, pumzi. Moyo hutawaliwa na neva za aina mbili, zinazouharakisha na zinazoupunguza. Mwaka 1921 Otto Loewi, mjini Graz, Austria, alichukua mioyo miwili ya chura. Alisisimua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, nao ukapunguza mapigo. Alipouwekea moyo wa pili majimaji yaliyotoka katika ule wa kwanza, huo nao ulipunguza mapigo. Ndivyo ilivyojulikana kwamba neva hiyo hutuma amri yake kwa kemikali, ambayo sasa huitwa asetilikolini. Kazi ya neva ya vagasi huzidi wakati wa kutoa pumzi. Kwa hiyo mwenyeji na avute hewa polepole kwa sekunde 4, aitoe kwa sekunde 6, na kurudia kwa dakika 5 kabla ya wageni kufika.

Pili, jina la hali yenyewe. Katika utafiti wa Alison Wood Brooks uliotolewa mwaka 2014, watu walioelekezwa kuwa na hamasa walifanya vizuri zaidi katika kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu kuliko walioelekezwa kutulia. Sababu yaeleweka: hamasa na woga vyote huja na moyo wenye kwenda mbio, hivyo ni rahisi kuvuka kutoka kimoja hadi kingine kuliko kuulazimisha moyo unyamaze ghafla.

Tatu, mazoezi na maandishi. Bei zote ziandikwe katika karatasi, pamoja na bei ya chini ambayo hataivuka, na chenji itengwe mapema. Sentensi ya kwanza isemwe mara kadhaa mbele ya mtu mmoja wa nyumbani: "Karibuni, mama zangu na dada zangu. Leo kuna vitenge vya aina tatu, na kila mtu ana ruhusa ya kuvishika." Aghalabu woga huwa mkali wakati wa kusubiri na katika dakika ya kwanza, kisha hupungua wenyewe. Akiivuka dakika hiyo, amevuka mlima.

Nne, kazi ya mikono. Kumimina chai, kukunjua kitambaa na kumpa mgeni akishike hutumia nguvu ile iliyotayarishwa na adrenalini. Ila mwenyeji mwenyewe asizidishe chai. Kikombe cha chai ya rangi aghalabu huwa na miligramu 30 hadi 50 za kafeini, ambayo huharakisha moyo kwa baadhi ya watu, na nusu yake huendelea kuwamo mwilini kwa saa 5 hivi. Pombe haifai, maana huharibu hesabu. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo zisimezwe bila daktari. Baadhi yake ni hatari kwa wenye pumu. Na mtu ambaye moyo humdunda mara kwa mara bila sababu, au anayeumwa kifua, na aende hospitali.

Tano, uhuru wa mgeni. Mgeni naye ana mkazo wake: anaogopa kwamba asiponunua atavunja ujirani. Mwenyeji akitangaza mapema kwamba kutazama si deni, wageni hulegea, na uso uliolegea wa mgeni huondoa sehemu kubwa ya kile kilichowatisha wapimwaji wa Trier. Asiyenunua leo atarudi, aliyelazimishwa hatarudi.

Jaribio la darasani

Walimu wa biolojia waweza kulionyesha jambo hili kwa saa na kalamu tu. Wachaguliwe wanafunzi 10 waliojitolea kwa hiari. Kila mmoja ahesabu mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa sekunde 30 akiwa amekaa, kisha azidishe kwa 2. Waelezwe kwamba kila mmoja atasimama na kuuza kitabu chake kwa darasa kwa dakika 2. Mapigo yahesabiwe tena mara tu baada ya tangazo hilo. Kisha watano wapumue polepole kwa dakika 5, na watano wakae kimya tu, ndipo wapime mara ya tatu na kuanza kuuza. Baada ya kila mauzo, muuzaji aandike namba kati ya 1 na 10 kueleza ukubwa wa woga wake, na darasa liandike namba waliyoiona wao.

Namba hizo mbili zilinganishwe, na wastani wa mapigo ya makundi uchorwe katika grafu. Wanafunzi waulizwe: Je, tofauti iliyopatikana yaweza kuwa imeletwa na jambo jingine, kama vile aliyepanda mlima mbio kuja shule, au aliyekunywa chai asubuhi? Wanafunzi 10 wanatosha kuthibitisha jambo, au yahitajika madarasa mengine yarudie jaribio? Mjadala huo wa mwisho una thamani sawa na grafu yenyewe.